Nasaba ya Kina Berkeley na Ardhi Yao

Katika bonde la mto Severn, magharibi mwa Uingereza, baina ya Bristol na Gloucester, ipo ngome ya mawe iitwayo Berkeley. Ukoo uliopewa ngome hiyo katika karne ya 12 ungali nayo hadi leo. Koo nyingi za mabwana wa ardhi wa zama zile zilikatika: nyingine zilikosa mrithi wa kiume, nyingine mkuu wao alikatwa kichwa kwa uhaini na mali ikarudi kwa mfalme. Hawa wamebaki, na nyaraka zao zimebaki nao. Anayetaka kujua nasaba ya Kiingereza hufuatiliwa vipi na aanze hapa, na aanzie kwenye magomvi yao, maana watu wanaokaa kwa amani juu ya shamba lao hawaoni haja ya kuandika babu yao alikuwa nani.

Mzizi wenyewe ulipambwa. Mwishoni mwa karne ya 15, John Newland, mkuu wa abasia ya Mtakatifu Augustino mjini Bristol, aliandika nasaba ya ukoo huu akadai kwamba Harding, baba wa mwanzilishi, alikuwa mwana wa mfalme wa Denmark aliyeingia Uingereza pamoja na William Mshindi. Habari hiyo iliwapendeza wenyewe, ikarudiwa kizazi baada ya kizazi. Katika karne ya 19 wanahistoria waliifungua Domesday, daftari la ardhi lililoandikwa kwa amri ya William mwaka 1086, wakamkuta Harding akiwa na mashamba Somerset, naye ni mwana wa Eadnoth. Huyo Eadnoth alikuwa ofisa katika nyumba ya mfalme Edward kabla ya uvamizi wa 1066. William aliposhinda, Eadnoth alikubali kumtumikia, na mwaka 1068 aliuawa huko Somerset akipigana na wana wa Harold, yule mfalme aliyeangukia Hastings. Sehemu kubwa ya mashamba yake akapewa Hugh, Earl wa Chester. Kwangu mimi asili hii ina heshima kubwa kuliko ile ya Denmark: ni wenyeji waliopoteza karibu kila kitu, wakaanza upya.

Aliyeanza upya hasa ni Robert FitzHarding, yaani Robert bin Harding, mmoja wa matajiri wakubwa wa Bristol. Wakati huo nchi ilikuwa imegawanyika baina ya mfalme Stephen na binamu yake Matilda, na Bristol ilikuwa makao makuu ya upande wa Matilda. Robert akatoa fedha zake kwa upande huo. Mwaka 1140 alianzisha abasia ya Mtakatifu Augustino, ambayo kanisa lake ndilo kanisa kuu la Bristol tangu 1542. Mwana wa Matilda, Henry, alipokaribia kuupata ufalme, alimlipa Robert kwa kumpa ngome ya Berkeley na mashamba yake, akimnyang'anya Roger wa Berkeley, aliyekuwa ameishikilia kabla yake.

Hapo ungetarajia uhasama wa kudumu. Badala yake mwaka 1153, mbele ya Henry mwenyewe, wazee wa pande mbili waliandikiana mapatano ya ndoa mbili kwa mpigo: Maurice, mwana wa Robert, amwoe Alice binti Roger, na mwana wa Roger aoe binti Robert. Roger alibaki na Dursley, Robert na Berkeley, na tangu Maurice na Alice kila bwana wa Berkeley ana damu ya mshindi kuumeni na ya mnyang'anywa kuukeni. Ramani nzima ya ukoo huu imeshonwa na wanawake kwa namna hiyo, na mtafiti anayefuata majina ya wanaume peke yake hupotea mapema.

Baada ya hapo mambo hurahisishwa na utaratibu wa mfalme mwenyewe. Kuanzia karne ya 13, bwana aliyeshika ardhi moja kwa moja kutoka kwa mfalme alipofariki, ofisa wa mfalme alitumwa wilayani. Aliita watu wa mahali pale, kwa kawaida 12 au zaidi, akawaapisha na kuwauliza: marehemu alikufa siku gani? Alikuwa na ardhi ipi, kwa masharti gani, na inazaa kiasi gani kwa mwaka? Mrithi wake wa karibu ni nani, na ana umri gani? Majibu yalipelekwa kwa maofisa wa mfalme yakahifadhiwa. Mfalme hakuwa na haja na nasaba. Alitaka malipo ya urithi, na kama mrithi ni mtoto, alitaka mapato ya shamba na haki ya kumwoza hadi atakapokuwa mkubwa. Lakini tamaa hiyo ya fedha imetuachia maelfu ya viapo juu ya nani ni mwana wa nani. Umri unaotajwa si wa kuaminika sana, kwa kuwa mara nyingi walisema tu "miaka 30 na zaidi". Jina la mrithi ndilo lililochunguzwa kwa makini, kwa sababu mali ilisimama juu yake.

Kwa nyaraka za aina hii tunawafuata Maurice aliyefariki 1190, Robert aliyemwasi mfalme John pamoja na mabwana wenzake, na Thomas aliyeitwa bungeni mwaka 1295. Mjukuu wa huyo Thomas, naye Thomas, ndiye aliyelitia jina la Berkeley kwenye kila kitabu cha historia ya Uingereza. Baba yake alifia gerezani Wallingford mwaka 1326, mfungwa wa Edward wa Pili. Yeye mwenyewe alikuwa ameoa binti Roger Mortimer, adui mkubwa wa mfalme huyo. Edward alipopinduliwa, alikabidhiwa kwa Thomas alindwe ndani ya ngome, kwa posho ya pauni 5 kwa siku. Tarehe 21 Septemba 1327 ilitangazwa kwamba Edward amefia humo. Mwaka 1330, Thomas alipoulizwa bungeni, alijibu kwamba hakuwa na habari ya kifo hicho mpaka alipofika kwenye bunge hilo. Hatimaye aliachiwa, akaishi hadi 1361.

Mwaka 1349 Thomas huyu alifanya jambo lisilo na kishindo lakini lenye uzito kuliko kifo cha mfalme, kwa upande wa ukoo. Aliandikisha hati kwamba ngome na mashamba makuu yafuate warithi wa kiume tu. Mjukuu wake, Thomas wa nne, alifariki 1417 akiacha mtoto mmoja, binti, Elizabeth, mke wa Richard Beauchamp, Earl wa Warwick. Kwa sheria ya kawaida binti alirithi. Kwa hati ya 1349 ngome ilikuwa ya James, mtoto wa ndugu yake marehemu. Warwick na mkewe waliingia ngomeni wakashika na nyaraka zote. James alikuwa na haki iliyoandikwa kwenye ngozi, na ngozi yenyewe ilikuwa kasrini kwa mpinzani wake.

Kesi hiyo ilidumu miaka 192. James aliipata ngome, lakini binti wa Elizabeth, Margaret, aliyeolewa na John Talbot, Earl wa Shrewsbury, hakukubali. Mke wa James, Isabel Mowbray, ndiye aliyekuwa akisimamia kesi za mumewe. Watu wa Margaret walimkamata, akafungwa Gloucester, na mwaka 1452 akafa kifungoni. Sijui mtu mwingine katika historia hii anayestahili kukumbukwa kuliko mama huyu. Na kwa kupitia damu yake, miaka mingi baadaye, mwanawe William alirithi nusu ya mali kubwa ya kina Mowbray.

William hakusahau. Mwaka 1470, nchi ikiwa kwenye vita vya kugombea taji, mjukuu wa Margaret, Thomas Talbot, Viscount Lisle, kijana wa miaka 20 hivi, alimwandikia barua ya kumwita vitani. William alijibu siku hiyo hiyo. Kesho yake, tarehe 20 Machi, walikutana Nibley Green, na kijana akapigwa mshale usoni akauawa. Yasemekana ndivyo vita vya mwisho Uingereza kupiganwa na majeshi ya mabwana wawili binafsi.

Kisha mshindi akaiharibu nyumba yake kwa mikono yake. Ndugu yake Maurice alikuwa ameoa Isabel, binti Philip Mead, mfanyabiashara aliyewahi kuwa meya wa Bristol. William aliona ndoa hiyo ni aibu kwa ukoo. Alikuwa hana mtoto aliye hai, na ili Maurice asirithi, aliandikisha ngome na mashamba kwa mfalme Henry wa Saba na kizazi chake cha kiume. Alikuwa amepanda hadi cheo cha Marquess mwaka 1489, na alifariki 1492. Inauma kusoma hati hizo: mtu anamkana ndugu yake kwa ajili ya mke aliyetoka katika biashara za Bristol, ilhali biashara za Bristol ndizo zilizomnunulia babu yake Berkeley.

Maurice alikwenda mahakamani akarudisha shamba baada ya shamba, lakini ngome yenyewe ilikaa kwa mfalme hadi Edward wa Sita alipofariki 1553 na kizazi cha kiume cha Henry wa Saba kikakoma. Ikarudi kwa Henry Berkeley, kijana wa miaka 18. Yeye ndiye aliyeifunga kesi ile ya warithi wa Margaret, kina Lisle, kwa mapatano mwaka 1609.

Msimamizi wake wa mashamba alikuwa John Smyth wa Nibley, mwanasheria aliyelelewa katika nyumba hiyo. Kwa ajili ya kesi alisoma kila ngozi iliyokuwemo ngomeni na nyingine nyingi London, na kufikia 1618 alikuwa ameandika maisha ya mabwana wote tangu Harding. Kila bwana alimpa vichwa vile vile: malezi yake, safari zake, ardhi aliyonunua, kesi zake, sadaka zake, mihuri yake, mke wake, watoto wake, kifo na mazishi yake. Kazi hiyo ilibaki muswada wa mkono hadi ilipochapwa kwa majuzuu kuanzia mwaka 1883, na kwa kuwa Smyth aliandika pia wapangaji, mashahidi, wajane na mabinti walioolewa mbali, koo nyingi za Gloucestershire ambazo hazikuwahi kuwa na ngome hupata majina ya wazee wao humo.