Mdukuzi na Meza ya Treni Ndogo

Majuzi mwanafunzi wangu mmoja alinijia akiwa amenuna. Jirani yao alikuwa amemwita 'mdukuzi' mbele ya watu, eti kwa sababu alifungua simu mbovu ili aone kilichomo ndani. "Mwalimu, kwani mimi ni mwizi?" aliniuliza.

Swali hilo lilinirudisha kwenye historia ya 'hacker', neno la Kiingereza tulilolitafsiri kuwa 'mdukuzi'. Historia yenyewe, amini usiamini, inapitia relini.

Mwaka 1946, wanafunzi wa chuo cha MIT, Marekani, waliunda klabu ya reli za mfano. Makao yao yakaja kuwa katika Jengo Nambari 20, jengo la mbao lililojengwa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Wapo waliopenda kupaka mabehewa rangi na kuunda vilima juu ya meza. Wengine, kamati ya ishara na umeme, walijishughulisha na kilichokuwa chini ya meza: nyaya na rilei, yaani swichi zinazoendeshwa na umeme, nyingi zikiwa zimetoka katika mitambo ya simu.

Hao wa chini ya meza hawakuwa wakicheza tu. Walikuwa wakifuata kanuni za reli kubwa. Mnamo 1856, Mwingereza John Saxby alipata hataza ya kifaa kilichounganisha vishikio vya ishara na vya njiapanda za reli, ili mtu asiweze kuruhusu treni mbili ziingiliane. Kisha, 1872, Mmarekani William Robinson akapata hataza ya kupitisha umeme katika reli zenyewe. Treni ikiingia, magurudumu yake huunganisha reli mbili, rilei ikakosa umeme na ishara ikaonyesha hatari. Waya ukikatika, matokeo ni yale yale. Mtambo ukiwa na hitilafu, husema "simama".

Kanuni hizo ni za mantiki: likiwa hili, lile lisiwe. Si ajabu basi kwamba vijana waliozizoea waliivamia kompyuta ilipofika chuoni. Klabuni, 'hack' ilikuwa kazi ya kibunifu inayofanywa kwa raha ya kuifanya. Peter Samson aliliingiza neno hilo katika kamusi ya klabu mwaka 1959. Maana ya wizi ilikuja baadaye.

Sasa basi, sisi tulitwaa nini? Kamusi zetu za zamani zina 'mdukizi', mtu anayetega sikio kusikiliza siri za wengine. 'Mdukuzi' ananukia umbeya huo huo. Kwa mwizi wa nywila, neno linafaa kabisa. Kwa kijana anayetaka kujua kitu kinavyofanya kazi, linamhukumu kabla hajasikilizwa.

Sipendekezi tulitupe. Napendekeza tumpe yule mwingine jina lake, nalo tunalo tayari: 'mtundu'. Naam, mtundu husumbua wazazi, lakini Waswahili humwita hivyo pia mtu mwenye ufundi wa kubuni na kutengeneza vitu.

Nilimwambia mwanafunzi wangu hivyo. "Wewe si mdukuzi, ni mtundu." Akacheka, kisha akakiri kwamba ile simu bado haijawaka.