Siku Isiyolipwa: Historia ya Sikukuu kwenye Petite Barrière

Tarehe 30 Juni Goma hufunga. Ofisi na benki hazifunguliwi, na maduka mengi ya katikati ya mji hubaki na makufuli, kwa sababu ndiyo siku Kongo ilipopata uhuru mwaka 1960. Ukivuka kuja Gisenyi asubuhi hiyo unakuta watu kazini kama kawaida. Kesho yake, tarehe 1 Julai, mambo hugeuka: Rwanda nayo inakumbuka uhuru wake wa mwaka 1962. Gisenyi inapumzika, Goma inafungua.

Kati ya miji hiyo miwili iko Petite Barrière, lango la waenda kwa miguu linalotazamana na mtaa wa Birere. Kabla ya janga la Uviko lango hili lilipitisha makumi ya maelfu ya watu kila siku, wengi wao akina mama wenye mabeseni kichwani, na walemavu wenye baiskeli za magurudumu matatu zilizopakiwa mizigo hadi juu. Kutoka Rwanda huenda nyanya, kabichi, karoti, viazi, maziwa na mayai. Kutoka Goma hurudi vitenge, nguo na vipodozi. Sasa mfikirie mama wa Rubavu, wilaya iliyo na Gisenyi, mwenye beseni lake la nyanya mwishoni mwa Juni. Siku ya kwanza wanunuzi wake wa Goma wako kwenye sherehe. Siku ya pili soko anakochukulia mzigo limelala. Nyanya si mahindi, hazisubiri. Na mtaji wenyewe mara nyingi ni wa kukopa, kutoka kwa jirani au kwenye kikundi cha kuchangiana, ambacho Wanyarwanda hukiita ikimina na Wakongomani likelemba. Zamu ya kikundi haiahirishwi kwa ajili ya sikukuu.

Upande wa Kongo, kila sikukuu inapokaribia, tangazo la serikali hutoka na maneno mawili ya Kifaransa ambayo kila mkazi wa Goma anayajua: siku hiyo itakuwa chômée et payée. Maana yake, haifanyiwi kazi, na inalipwa. Nimeyafikiri maneno hayo kwa muda mrefu. La kwanza humgusa kila mtu. La pili humfikia mwenye mwajiri peke yake, tena mwajiri anayefuata sheria. Kwa jinsi ninavyoiona mimi, historia ya sikukuu kwenye mpaka huu ni historia ya maneno hayo mawili kuachana.

Jumapili ilifika hapa kabla ya mpaka wenyewe. Mapadri Weupe walianzisha misheni ya Nyundo, jirani na Gisenyi, mwaka 1901. Mpaka ulikubaliwa mezani huko Brussels mwaka 1910, kati ya Ujerumani, Ubelgiji na Uingereza, na hata hapo mawe ya kuuonyesha yalikuwa bado. Waislamu waliokuja na misafara ya biashara na jeshi la Wajerumani walileta Ijumaa na Idi, pamoja na Kiswahili ambacho hadi leo ndicho watu wanachopatania bei langoni. Baadaye wakaja Waadventista na Jumamosi yao. Kwa hiyo tangu zamani wafanyabiashara wa soko moja wamekuwa na siku tatu tofauti za kupumzika. Hilo halikuwahi kuwa shida kubwa. Mteja anajua kwamba duka la fulani halifunguki Jumamosi, anakwenda kwa jirani. Mwenye duka ameichagua siku yake mwenyewe na ameshaipigia hesabu.

Wabelgiji waliiteka Gisenyi mwaka 1916, na sheria yao ya mwaka 1925 ikaiunganisha Ruanda-Urundi na Kongo katika utawala. Mtawala akawa mmoja pande zote mbili, na sikukuu za serikali zikawa za Ubelgiji, kama vile tarehe 21 Julai. Hazikuwa siku zetu, lakini zilikuwa na jambo moja: ziliangukia Goma na Gisenyi kwa pamoja. Sikukuu zilianza kupishana pale tulipopata uhuru. Kila nchi iliandika kalenda yake, na ilistahili kuiandika. Hakuna anayeweza kuwaambia Wakongomani wasisherehekee 30 Juni au Wanyarwanda 1 Julai. Ila mama mwenye beseni anaishi ndani ya kalenda zote mbili.

Mwaka unaoonyesha zaidi kuliko mingine namna serikali inavyoweza kuugusa mfuko wa mchuuzi kwa kutumia kalenda ni 1974. Mwaka huo Rais Mobutu Sese Seko, akiwa katika kampeni yake ya kurudi kwenye uasili na katika mvutano na Kanisa Katoliki, aliifuta Noeli kwenye orodha ya sikukuu za Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo. Tarehe 25 Desemba ikawa siku ya kazi. Umbali wa hatua chache, Gisenyi ilikuwa kanisani. Mwaka huohuo wa 1974, upande wa Rwanda, Rais Juvénal Habyarimana aliigeuza umuganda kuwa kazi ya lazima ya kila raia. Awali neno hilo lilikuwa na maana ya majirani kusaidiana kujenga nyumba au kulima. Zaire nayo ilikuwa na yake, salongo, kazi ya usafi na ujenzi ambayo watu waliamriwa kuifanya bila malipo. Hivyo katika kipindi kifupi mtu wa mpakani aliona siku ya mapumziko ikigeuzwa ya kazi, na siku yake ya kazi ikigeuzwa ya kazi ya serikali. Hakulipwa kwa hata moja.

Miaka miwili baadaye, tarehe 20 Septemba 1976, Rwanda, Burundi na Zaire zilitia saini mkataba wa Jumuiya ya Kiuchumi ya Nchi za Maziwa Makuu, CEPGL, na makao yake yakawekwa hapahapa Gisenyi. Kutokana na juhudi hizo wakazi wa mpakani walizoea kuvuka kwa kitambulisho na kijikaratasi wanachokiita jeton. Namkubali aliyelibuni jambo hilo. Alielewa kwamba watu hawa wana mji mmoja wenye serikali mbili.

Kuna siku moja ambayo sitaki kuihesabia faida na hasara. Julai 1994, Wanyarwanda wapatao milioni moja waliingia Goma kwa siku chache tu, kupitia njia hizi hizi, na kipindupindu kikawangojea kwenye miamba ya volkano. Kabla ya hapo, kuanzia tarehe 7 Aprili, mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalikuwa yameiteketeza nchi. Leo 7 Aprili ni siku ya kumbukumbu, Kwibuka, inayofungua juma zima la maombolezo. Kwa miaka mingi, katika juma hilo shughuli zilisimama mchana ili watu wakusanyike mitaani kusikiliza na kusimulia. Duka kufungwa siku hiyo ni sawa na duka kufungwa pale msiba unapopita mtaani. Hakuna mtu wa Gisenyi anayehitaji kueleweshwa hilo, na nisingependa kuishi katika nchi ambamo biashara inaendelea kama kawaida tarehe hiyo.

Tangu mwaka 2023 Kongo imeifanya 6 Aprili kuwa sikukuu kwa heshima ya Simon Kimbangu, mhubiri aliyeanza huduma yake Nkamba siku hiyo mwaka 1921 na ambaye Wabelgiji walimfunga hadi akafa gerezani mwaka 1951. Ni heshima anayoistahili. Lakini tazama tarehe: 6 Aprili Goma, 7 Aprili Gisenyi. Ni 30 Juni na 1 Julai kwa mara nyingine. Mwanzoni mwa mwaka ni hivyohivyo: 1 Januari ni ya wote, 2 Januari ni ya Rwanda, 4 Januari ni ya Kongo, kwa ajili ya mashahidi wa uhuru. Halafu Kongo ina 16 na 17 Januari, za Laurent-Désiré Kabila na Patrice Lumumba. Nadra ndizo siku zinazokutana. Mwaka 2025 Umuganura, sikukuu ya mavuno ya Wanyarwanda inayoadhimishwa Ijumaa ya kwanza ya Agosti, iliangukia tarehe 1 Agosti, siku ya wazazi kwa Wakongomani, ambao asubuhi husafisha makaburi ya waliotangulia na mchana hula na walio hai.

Umuganda ilirudi mwaka 1998, Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi, na sheria ya mwaka 2007 ikaiweka kwa kila mwenye umri wa miaka 18 hadi 65. Maduka hufungwa hadi kazi na mkutano viishe, karibu saa tano asubuhi. Ninaitetea umuganda hata mbele ya wachuuzi, kwa sababu moja tu: kila mtu anajua inakuja lini. Mama wa nyanya huchukua mzigo mdogo Ijumaa, au hupanga kuvuka mchana.

Kinachomvunja ni siku anazofungiwa bila kuambiwa. Goma ina desturi ya ville morte, siku ambayo wananchi wenyewe hufunga mji ili kuidai serikali. Tarehe 16 Februari 2016 ilikuwa moja ya siku hizo nchini kote, na vijana sita wa harakati ya LUCHA walikamatwa mjini Goma kwa sababu yake. Ni silaha ya wanyonge, nami naiheshimu, ila mama huyu naye ni mnyonge. Tarehe 1 Agosti 2019, siku ileile ya wazazi, Rwanda ilifunga mpaka kwa saa kadhaa kwa hofu ya Ebola iliyokuwa imefika Goma. Machi 2020 mpaka ulifungwa kwa sababu ya Uviko. Mizigo ikaendelea kupita kwa magari na kwa vikundi, lakini mvukaji wa kawaida alisubiri hadi Machi 2022 ndipo mipaka ya nchi kavu ya Rwanda ilipofunguliwa tena. Miezi minne haikwisha: tarehe 17 Juni 2022 askari wa Kongo alivuka Petite Barrière akifyatua risasi, akauawa upande wa Rwanda, na baada ya hapo upande wa Kongo ukawa unafunga saa tisa alasiri. Januari 2025 Goma iliangukia mikononi mwa waasi wa M23. Ukijumlisha siku hizo zote, sikukuu za kwenye kalenda ni sehemu ndogo ya siku ambazo mchuuzi amekaa nyumbani bila kipato. Lakini ndizo tunazoweza kuzipanga.

Kwingineko mjadala wa kufungua maduka siku za mapumziko una sura nyingine. Uingereza ilipofungua Jumapili kwa maduka makubwa, kwa sheria ya mwaka 1994, iliwawekea saa sita tu, na mfanyakazi wa duka akapewa haki ya kukataa kazi ya Jumapili bila kufukuzwa. Tanzania, kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inasema anayefanya kazi siku ya sikukuu alipwe mara mbili kwa kila saa. Ni kanuni nzuri, na fupi kiasi kwamba kila mtu anaweza kuikariri. Lakini sheria hizo zote humtazama mtu mwenye mkataba. Rwanda ina sheria yake ya kazi ya mwaka 2018, Kongo ina ya mwaka 2002, na kati ya hizo mbili yupo msichana anayeuza kitenge kwenye duka la mtu, ambaye hana karatasi yoyote. Sikukuu duka likifungwa, hapati kitu. Likifunguliwa, anapata posho ileile ya kila siku.

Basi maduka yafunguliwe siku za sikukuu au yafungwe? Kwa upande wangu, siku za maombolezo zifungwe, pande zote zinazohusika, na anayelipwa kwa siku alipwe siku hiyo. Siku za furaha, mwenye duka aachwe achague kama anavyochagua kati ya Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, mradi msaidizi wake awe na haki ya kukataa, na asipokataa alipwe mara mbili. Lango lenyewe lisifungwe kwa sababu ya sikukuu ya upande wowote. Maafisa wa uhamiaji na forodha wanaolilinda siku hizo wanastahili malipo hayohayo ya mara mbili.

Uongozi wa Wilaya ya Rubavu na wa Jiji la Goma unaweza kufanya jambo moja bila mkataba mpya: kubandika langoni, kwa Kiswahili, Kinyarwanda na Kifaransa, orodha ya siku za mapumziko za pande zote mbili kwa mwaka mzima, na saa za kufunga za kila siku. Nawaomba walifanye kabla ya Desemba. Nawe msomaji, kama una duka Gisenyi au Birere na una kijana anayekusaidia, sikukuu ijayo ukifunga, mlipe siku yake.