Unasaka saa ya GPS ya mbio? Usichezwe!

Kabla utoe doh, jua hii: saa kibao za bei ya chini hazina GPS yao, zinaazima ya simu. Ukiacha simu kwa keja, saa inakisia kilomita kwa kuhesabu hatua. Na kwa milima ya Othaya hatua hufupika, so inakudanganya.

Jaribu hivi: zima Bluetooth ya simu, toka nje ya duka, ngoja saa ishike setilaiti, tembea kiasi. Ikichora njia yako, ni ya ukweli.

Unalenga Point Lenana, mita 4,985? Tafuta yenye baromita na betri ya kudumu.

Lakini saa haikukimbilii. Catherine Ndereba wa Nyeri alivunja rekodi ya dunia Chicago 2001, 2:18:47, miaka 2 kabla Garmin itoe Forerunner ya kwanza.