Usukani Bubu na Usukani Kiziwi

Usukani ulikuwa wa chombo kabla haujawa wa gari. Neno tulilipokea kwa mabaharia wa Kiarabu, sukkan, ubao ule wa nyuma unaokata maji na kuelekeza jahazi. Herufi zake, s-k-n, ndizo hizo hizo zilizotupa maskani, na kwa Kiarabu hubeba maana ya kutulia na kukaa. Katika miji ya Ghuba dereva wa gari bado hushika sukkan. Sisi tuliongeza u- mbele, tukamkabidhi nahodha, kisha dereva, kisha waandishi wa michezo, ambao kila msimu huiweka Simba au Yanga kwenye usukani wa ligi.

Gereji hazisemi usukani. Husema stelingi. Tanzania neno hilo limegongana na stelingi mwingine, yule shujaa wa filamu asiyekufa mpaka picha iishe, ambaye alitokana na neno jingine kabisa la Kiingereza. Sina ugomvi na stelingi ya fundi. Imeingia, imevaa irabu zetu, inafanya kazi. Ugomvi wangu ni na sifa tunazoipa. Ziko mbili tu: nyepesi na nzito.

Mpe dereva Toyota IST, kisha Land Cruiser ya familia ya 70, kisha BMW ya mfululizo wa 3 ya mwaka 2000. Mikono yake itapokea mambo matatu yasiyofanana hata kidogo. Muulize tofauti, atakwambia hii nyepesi, ile nzito, ya tatu iko katikati. Mikono imejua zaidi ya hayo, ila ulimi haukupewa maneno. Sisi tunaojiita walinzi wa lugha hii tuna deni hapo.

Tuanze na pawa. Pawa stelingi ni jina linaloeleweka kutoka Mombasa hadi Bujumbura, na yeyote anayetaka kulifuta atashindwa. Tabu huanza pale tunapotaka kulisanifu tukaandika usukani wa nguvu. Kwa Kiswahili, kazi ya nguvu ni kazi inayokutoa jasho. Usukani wa nguvu basi ungekuwa ule wa lori la zamani, ambao dereva aliusukuma kwa mabega yote mawili. Jina limegeuza maana juu chini.

Usukani saidizi nao haufai, maana mwalimu msaidizi ni mwalimu wa pili, na hapa hakuna usukani wa pili. Napendekeza tuache kuupa usukani sifa, tukipe jina kile kinachosaidia: kisaidizi. Francis Davis, mhandisi wa Marekani aliyeonyesha mfumo wa mafuta yenye shinikizo katika miaka ya 1920, na kampuni ya Chrysler iliyoutia kwenye Imperial ya mwaka 1951, hawakuuondoa mkono kazini. Waliuongezea msaidizi. Usukani wenye kisaidizi, usukani usio na kisaidizi: kila mtu ataelewa.

Na faida yake si ya kamusi peke yake. Mkanda wa pampu ukikatika barabarani, watu husema stelingi imekufa, na abiria wanaanza kusoma dua. Usukani haujafa. Bado umeungana na magurudumu, bado utakata kona, ila sasa ni kwa misuli ya dereva. Aseme kisaidizi kimekufa, naye atajua mwenyewe kwamba gari linaweza kusogezwa pembeni salama.

Kisaidizi ni cha mafuta au cha umeme, na hapo mtaa umekwisha kutufanyia kazi. Stelingi ya mafuta ina pampu, mipira na kichupa cha kuongezea. Stelingi ya umeme haina kichupa, ina mota na kompyuta. Ninayakubali majina haya bila kuongeza neno.

Vivyo hivyo reki na boksi. Reki ni upau wenye meno unaosukumwa kushoto na kulia na kigurudumu chenye meno. Boksi ni lile sanduku la chuma ambalo, katika Land Cruiser nilizozitaja, gololi huzunguka ndani yake. Nalipenda reki kwa sababu tulikuwa nalo bustanini kabla halijafika gerejini. Kiingereza kina maneno mawili yenye matamshi yanayokaribiana, moja la kifaa cha kukusanyia majani na jingine la upau huu. Kiswahili kimeyafanya moja, na hakikukosea, maana vyote viwili ni meno yaliyopangwa mstarini.

Kitu kimoja tu humo ndani hakina jina, nacho ndicho roho ya mfumo. Kati ya usukani na reki kuna kijiti chembamba cha chuma kinachosokoteka mkono unapokata. Kikisokoteka kidogo, vali hufunguka kidogo na mafuta husukuma kidogo. Kikisokoteka sana, msaada huwa mwingi. Katika kisaidizi cha umeme, kihisio husoma msokoto huo huo na kuiarifu kompyuta. Ugumu wa kijiti hicho ni sehemu kubwa ya tofauti ya gari na gari. Nakiita ufito. Wajenzi wa nyumba za udongo wanajua kwamba ufito hupindika bila kuvunjika, ukirudi ulivyokuwa. Ufito laini, ufito mkakamavu: fundi na mhandisi wataelewana.

Sasa turudi kwenye nzito. Kuna uzito, kuna ugumu, kuna ukavu, na mkono unavijua vyote vitatu. Usukani mzito unakudai nguvu, lakini unakudai kwa haki: kona ikikaza, nao unakaza, kona ikifunguka, unalegea. Peugeot 504 zisizo na kisaidizi, zile zilizobeba abiria wa masafa marefu miaka ya 1970 na 1980, zilikuwa hivyo. Usukani mgumu unakaza pasipo sababu, kwa upepo mdogo wa tairi au alaimenti mbaya. Usukani mkavu una msuguano ndani yake: unausogeza, unakwama punje, halafu unaachia. Dereva anayelalamika gerejini kwamba stelingi ni nzito anaweza kuwa anamaanisha lolote kati ya haya, na fundi huanza kubahatisha kwa fedha za mteja.

Nyepesi nayo imefunika jambo jingine. Wepesi ni mkono usiochoka. Upesi ni gari linalogeuka kwa mzunguko mdogo wa usukani. Maneno haya ni ndugu, yanafanana uso, na kwa sababu hiyo huchanganywa. Lakini usukani unaweza kuwa na moja ukakosa jingine. Land Rover kuukuu haina wepesi wala upesi. Magari makubwa ya Marekani ya miaka ya 1960 yalikuwa na wepesi wa kuzungushwa kwa kidole, bila upesi wowote, unazungusha na kuzungusha. Citroën SM ya mwaka 1970 ilikuwa na vyote viwili kwa kiasi cha kumtisha mgeni: kutoka ukomo wa kushoto hadi ukomo wa kulia ilikuwa mizunguko miwili tu. Ukomo ni neno langu kwa pale vijana wa maegesho wanapopaza sauti, “Kata! Kata yote!” na usukani hauendi tena.

Yote haya ni mambo ya nguvu na mwendo. Bado hatujafikia lile hasa linalotofautisha gari na gari: kinachokuja mkononi kutoka barabarani. Hapa waandishi wetu hujaribu hisia. Hisia imekwisha kuolewa na moyo. Hisia za usukani zingekuwa furaha yake na majonzi yake. Wengine huandika mguso, lakini mguso ni wa mkono kwenda kwenye kitu, na sisi tunatafuta kinachotoka kwenye kitu kuja mkononi. Mrejesho uko karibu zaidi kwa maana. Ila warsha na semina zimeutumia mpaka ukachakaa, na una harufu ya fomu ya tathmini.

Kiswahili kina neno lake, nalo limekaa wazi: kusikia. Tunasikia sauti, na pia tunasikia baridi, njaa, maumivu, harufu. Masikio hayakupewa neno hili peke yao hata siku moja. Na kuna maana ya tatu: mtoto asiyesikia si mgonjwa wa masikio, ni mkaidi. Madereva wameishika maana hiyo zamani. Breki zinasikia, breki hazisikii, stelingi inasikia. Kuhisi na kutii viko ndani ya kitenzi kimoja, na usukani ndipo mahali ambapo vyote viwili hukutana katika kitu kimoja cha duara. Watu wa pwani wana ladha ya ziada: shikio ni jina jingine la usukani wa chombo, na Mombasa masikio huitwa mashikio. Mizizi ni miwili, kushika na kusikia, nami sidai zaidi ya hapo; lakini sauti zimekaa jirani kwa uzuri.

Kutoka humo nachonga istilahi mbili. Ya kwanza tunayo: usikivu. Usikivu wa usukani ni jinsi gari linavyotii mkono, kwa haraka gani na kwa uaminifu gani. Ya pili naiunda kutoka kusikika, kwa mtindo uliotupa mtetemeko, mtiririko na mwitiko: msikiko. Msikiko wa barabara ni kile kinachosikika mkononi kutoka kwenye tairi, kokoto, mfereji wa lami, utelezi. Usikivu huenda, msikiko huja. Njia ni mbili, na kwa muda mrefu tumezipitisha kwenye mlango mmoja.

Na vinyume vyake tayari tunavyo. Usukani usiotii mkono ni usukani kiziwi. Usukani usiosema kitu ni usukani bubu. Kuna watakaopendelea kusema umekufa ganzi, na ni usemi mtamu. Lakini ganzi hushika kiungo cha mwili, na mkono wa dereva hapa ni mzima kabisa. Aliyenyamaza ni mwingine.

Sasa tuyapime yale magari matatu. IST ni sikivu mjini: unakata, linakata, bila mzozo. Lakini ni bubu. Mota iliyo kwenye mhimili wa usukani inafanya kazi karibu yote, na changarawe na lami iliyopigwa rola vinakufikia mkononi kama kitu kimoja. Land Cruiser ya 70 ina uziwi kidogo katikati. Unaweza kusogeza usukani nukta chache kabla gari halijajali. Fundi huupima uziwi huo kwa vidole viwili, akichezesha usukani taratibu huku mwenzake akichungulia tairi la mbele, na kile kiasi kinachopita kabla tairi halijatikisika anakiita mchezo. Katika gari zima kabisa mchezo ni mdogo, likichakaa unakua. BMW ile ya reki na mafuta husikia na kusikika.

Kwa istilahi hizi hata malalamiko ya Ulaya yanaelezeka kwa Kiswahili. Mwaka 2011 Porsche walipotoa 911 mpya yenye kisaidizi cha umeme badala ya mafuta, waandishi wengi wa magari walinung'unika. Hawakusema gari halikati kona vizuri. Usikivu ulikuwapo tele. Walichokililia ni msikiko.

Na wana haki, kwa sababu msikiko hubeba onyo. Tairi la mbele linapokaribia kuteleza, nguvu inayourudisha usukani katikati hupungua kabla tairi halijaachia kabisa. Usukani hulegea kidogo mkononi, na dereva wa barabara ya udongo iliyonyeshewa hupunguza mwendo kabla hajajua kwa nini. Usukani bubu haumpi dakika hiyo.

Msikiko ukizidi kipimo ni teke. Katika Land Rover za kale gurudumu likigonga jiwe, usukani hugeuka ghafla kwa nguvu, ndiyo maana madereva wa porini hufundishwa kuweka vidole gumba nje ya duara. Teke la usukani: sioni haja ya istilahi nyingine.

Ile nguvu ya kurudi katikati nayo ina jina zuri linalosubiri. Watu husema stelingi inarudi yenyewe. Lugha imekwisha kuyafupisha maneno hayo kuwa kujirudi, kitenzi cha mtu aliyepotoka akatambua, akashika njia iliyonyooka. Usukani unaojirudi vizuri hufanya hivyo bila kusukumwa na bila kuvuka mstari. Usiojirudi unamlazimisha dereva kuunyoosha kila kona, na safari ya Dodoma inakuwa ndefu kuliko ilivyo.

Imebaki kesi moja ngumu. Infiniti Q50 ya mwaka 2013 ilipeleka amri ya mkono kwa nyaya, mhimili wa chuma ukiwekwa kama akiba tu. Cybertruck ya Tesla, iliyoanza kufikia wanunuzi mwaka 2023, haina mhimili huo kabisa. Humo kinachosikika mkononi kimetengenezwa na mota, kwa kadiri waandishi wa programu walivyoona inafaa. Je, ni msikiko? Kukiita msikiko bandia ni kukihukumu mapema, maana kokoto ni la kweli na kihisio kimelipima kweli. Lakini mkono haukulisikia; umeambiwa. Napendekeza msikiko wa kusimuliwa. Ni maneno matatu, na istilahi nzuri haipendi kuzidi mawili, kwa hiyo mwenye fupi zaidi alilete.