Lubudi: chokaa, simenti na ndoto ya betri

Kijana wa Lubudi anayemaliza masomo ya metalurji kule Lubumbashi atafanyia wapi ujuzi wake? Swali hili wazazi wanaliuliza kila mwaka, na jibu lake linategemea viwanda kuliko diploma.

Kongo inatoa zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia. Mgodi wa Tenke-Fungurume uko mu teritware yetu ya Lubudi. Lakini kobalti nyingi inatoka hapa ikiwa unga wa hidroksidi, halafu inasafishwa China. Betri inarudi sokoni kwetu ndani ya simu.

Somo la Kinshasa

Mwaka 1959 kinu cha kwanza cha nyuklia cha utafiti mu Afrika kiliwashwa Kinshasa, wakati ule Léopoldville, kwenye Chuo Kikuu cha Lovanium. Cha pili, chenye nguvu zaidi, kilifuata mwaka 1972. Uraniamu iliyoipa Kongo jina ilichimbwa Shinkolobwe, karibu na Likasi. Jiwe lilikuwa letu, wasomi walikuwepo. Lakini vinu vyenyewe na fueli yao vilitoka Marekani, na inchi haikuwa na viwanda vya kutengeneza vipuri. Kinu cha pili kimesimama tangu 2004.

Somo la tanuru

Lubudi inafundisha jambo lingine. Reli iliyofika Bukama mwaka 1918 inapita hapa, na mawe ya chokaa yapo. Ndiyo sababu kiwanda cha simenti, CIMENKAT, kilijengwa miaka ya 1920.

Simenti si kazi ya koleo tu. Jiwe linasagwa pamoja na udongo, linachomwa kwa moto wa karibu digrii 1,450, kisha linasagwa tena na jasi. Chokaa ikipungua au moto ukishuka, simenti haishiki. Kwa hiyo lazima watu wa labo wapime kila siku. Pale labo inazaliwa na tanuru: fundi analeta tatizo, mkemia anatafuta jibu, na kesho yake jibu linajaribiwa.

Ndivyo ilivyokuwa Gécamines pia. Miaka ya 1980 ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka, na ilikuwa na idara yake ya utafiti wa metalurji huko Likasi. Mgodi wa Kamoto ulipobomoka mwaka 1990, na vurugu za siasa zikafuata, shaba ilishuka chini ya tani 50,000. Mkemia bila kiwanda anabaki bila swali.

Na betri?

Mwaka 2022 Kongo na Zambia zilitia saini mapatano ya kutengeneza betri, na Chuo Kikuu cha Lubumbashi kikapata kituo cha utafiti wa betri. Ni hatua njema. Lakini kati ya unga na betri kuna stima isiyokatika, asidi, chokaa, barabara na mafundi. Vikikosekana, ugunduzi wa mwanafunzi wetu utatumiwa na kiwanda cha inchi nyingine, na yeye mwenyewe ataufuata.

Hii haisemi utafiti ungoje miaka hamsini. Inasema utembee na kiwanda, mkono kwa mkono. Basi ndugu msikilizaji, ukisikia kituo kipya kinafunguliwa, uliza: ni kiwanda gani kitatumia kazi yake, na stima yake itatoka wapi?