Daftari la Bomani

Wahenga wa pwani walinena: mali bila daftari hupotea bila habari. Walinena kwa ajili ya biashara, maana walijua kuwa kumbukumbu ya kichwani huzeeka pamoja na mwenye kichwa. Neno daftari lenyewe lilitoka kwa Wayunani, likapita kwa Waajemi na Waarabu, hata likatua madukani mwa Waswahili. Lakini iko mali isiyopimwa kwa pishi wala kwa ratili, nayo ni elimu itolewayo na nyumba za makumbusho. Hiyo nayo ina makarani wake, na historia yao huko Arusha inastahili kuelezwa.

Katikati ya mji wa Arusha lipo boma la Wajerumani lililokamilika mwaka 1900. Chanzo chake ni cha huzuni. Mwezi Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Kilutheri, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri, katika miteremko ya mlima Meru. Jeshi la Wajerumani likalipiza kisasi kwa Waarusha na Wameru: nyumba zikachomwa, mifugo ikatekwa, na walioshindwa wakalazimishwa kujenga ngome ya kuwatawala wao wenyewe. Tangu mwaka 1897 serikali ya kikoloni ilikuwa imekwisha kutangaza kodi ya nyumba, na kodi haikusanywi bila orodha. Hapo ndipo kalamu ilipoungana na bunduki. Wajerumani waliendesha ofisi zao nyingi kwa Kiswahili, na katika shule yao ya Tanga, iliyoanza mwanzoni mwa miaka ya 1890, walifundisha vijana kazi za ukarani na ukalimani. Hivyo lugha ya pwani ilipanda bara ikiwa imeshika wino mkononi, na si kila aliyeandikwa jina lake aliifurahia.

Waingereza walipoitwaa Arusha mwezi Machi 1916, bendera ilibadilika lakini meza hazikuhama. Boma likaendelea kuwa nyumba ya serikali. Wenyeji nao walikwisha kujifunza kuwa karatasi hujibiwa kwa karatasi. Wameru wapatao 3,000 walipofukuzwa katika ardhi yao ya Engare Nanyuki mwaka 1951, hawakushika mikuki. Waliandika malalamiko, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akayafikisha mbele ya Umoja wa Mataifa huko New York. Ardhi haikurudi wakati ule, lakini dunia ilisikia, na maandishi yakabaki.

Baada ya uhuru majengo yalianza kubadili kazi. Ukumbi wa Kaloleni, lilimopitishwa Azimio la Arusha mwaka 1967, uligeuzwa makumbusho mwaka 1977. Sheria ya mwaka 1980 ikaliunda upya shirika la Makumbusho ya Taifa, na mwaka 1987 boma la zamani likafunguliwa kuwa Makumbusho ya Elimu Viumbe. Humo wanafunzi huelezwa asili ya mwanadamu, na habari za nyayo za Laetoli zilizokanyagwa katika majivu ya volkano yapata miaka milioni 3.6 iliyopita. Nyumba iliyojengwa kwa hofu ikawa nyumba ya kuuliza maswali.

Hata hivyo, mgeni hukumbuka vitu vilivyomo na sauti ya mwelezaji. Ni nadra akumbuke masjala. Na tuchukulie shule ya msingi iliyo katika kata ya Nduruma, kule tambarare ushukako mto wa jina hilo kutoka Meru. Mwalimu mkuu huandika barua kuomba ziara. Barua hupokewa, hupigwa muhuri wa tarehe, huingizwa katika jalada na kupelekwa kwa afisa elimu. Yapasa mtu aangalie ratiba ili shule mbili zisigongane katika chumba kimoja. Aulize idadi ya watoto na darasa lao, ili mwelezaji asizungumze na wa darasa la tatu kama azungumzavyo na wa sekondari. Aandike majibu, aandae stakabadhi, na siku ya ziara aweke jina la shule katika kitabu. Barua hiyo ikilala mezani wiki mbili, wazazi waliochangishana nauli ya basi watakuwa wamechanga bure. Mtoto aliyerudishwa mlangoni hajui kuwa kosa lilikuwa la jalada. Yeye hujua tu kwamba makumbusho si mahali pake.

Wapenzi wa ushairi hawana sababu ya kuidharau kazi hii. Shaaban Robert aliingia Idara ya Forodha mwaka 1926, akaitumikia hadi 1944, kisha akafanya kazi katika ofisi nyingine za serikali, ikiwamo Idara ya Upimaji. Mikono iliyojaza fomu mchana ndiyo iliyotunga mashairi. Nidhamu ya karani, yaani kuandika kwa usahihi jambo ambalo pengine hakuna atakayelisifu, haiko mbali na nidhamu ya mtunga vina.

Wasomaji wa visiwani wanayo sababu yao pia. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka mjini Unguja. Siku kama hiyo ndipo hufahamika kuwa ukuta unaweza kuanguka, na kwamba orodha iliyoandikwa vyema ndiyo hueleza kilichokuwamo. Elimu nayo ina maporomoko yake, ila hayana kishindo. Shule huacha kuja, mwaka hupita, na kama hakuna aliyeandika, hakuna atakayejua.

Hapo ndipo makarani wawili wa boma moja wanapotofautiana, ingawa kazi yao yafanana. Karani wa kodi alipitia orodha yake akitafuta jina lililokosekana, ili mwenyewe asakwe na kulipishwa. Karani wa elimu akifunga hesabu ya mwaka, naye hutafuta majina yaliyokosekana: shule zipi za mjini zimekuja mara tatu, na ipi ya mbali, huenda ya Nduruma, haijafika hata mara moja. Akiliona pengo hilo, huchukua karatasi safi na kuandika barua ya kwanza yeye mwenyewe, bila kungoja kuombwa. Kwa barua hiyo, daftari la bomani huwa linalipa sehemu ya deni lake kwa watu wa Meru.