Jua na Kivuli katika Historia ya Faza

Mji wa Faza, ambao huitwa pia Rasini, uko kwenye pwani ya kaskazini ya kisiwa cha Pate, nyuzi mbili hivi kusini mwa Ikweta, mahali ambapo jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, katikati ya Machi na tena mwishoni mwa Septemba. Historia ya mji huu imeandikwa zaidi kwa vita: Wareno waliuteketeza mwaka 1587 na kukata minazi yake, na mwaka 1844 Amiri Hamad, jemadari wa Seyyid Said wa Unguja, aliuawa katika vita dhidi ya Siyu na Pate, kaburi lake likabaki viungani mwa Faza. Haikuandikwa sana historia nyingine, ya jinsi watu wa visiwa hivi walivyogawana jua na kivuli, ingawa ndiyo iliyogusa mifupa, ngozi na macho ya kila aliyezaliwa humo.

Mgawo huo haukuwa sawa. Nyumba za mawe za visiwa vya Lamu zilijengwa kwa matumbawe na chokaa, kuta zikiwa nene, vyumba vikiwa vyembamba kwa kuwa upana wake ulifungwa na urefu wa boriti za mikoko, na mwanga wote ukitegemea kiwanda, yaani ua ulio wazi kwa juu ndani ya nyumba. Kutoka kiwandani mtu aliingia msanani, yaani chumba cha kwanza, kisha vyumba vilivyofuata kimoja baada ya kingine, hadi vile vya nyuma kabisa, vilivyokuwa na giza kuliko vyote. Mwanamke wa kiungwana aliyetawishwa alitoka kwa nadra, mara nyingi usiku, na katika mji wa Lamu alipotembea alizungukwa na shiraa, pazia kama hema lililobebwa na watumwa, kabla ya buibui kuenea mwanzoni mwa karne ya 20. Nje ya kuta hizo mambo yalikuwa kinyume: mtumwa shambani, hadi utumwa ulipofutwa katika ukanda wa pwani ya Kenya mwaka 1907, Mbajuni aliyekata boriti mikokoni na mvuvi aliyeshinda baharini walipigwa na jua kutwa, wapende wasipende. Kivuli, kwa ufupi, kilikuwa alama ya cheo.

Wakati huohuo miji ya viwanda ya Ulaya ilikuwa ikiugua kwa kukosa kile ambacho waungwana wa Faza walikikimbia. Matege, yaani kupinda kwa mifupa laini ya watoto, yaliwalemaza watoto wengi wa vichochoro vilivyojaa moshi wa makaa ya mawe. Mwaka 1890 daktari Theobald Palm, aliyewahi kufanya kazi Japani, alilinganisha nchi na nchi akaona kwamba ugonjwa huo hufuata uhaba wa jua, akashauri watoto waoteshwe jua; naye Kurt Huldschinsky wa Berlin alithibitisha mwaka 1919 kwamba taa ya mionzi ya urujuanimno, ile isiyoonekana kwa jicho, huponya matege. Dawa nyingine ya Ulaya ilikuwa mafuta ya ini la samaki aina ya chewa wa bahari baridi, ambayo baadaye yalitambuliwa kuwa na vitamini D, kirutubishi kinachouwezesha mwili kufyonza kalsiamu na kuimarisha mifupa. Katika pwani ya Waswahili mafuta ya ini la papa, yaitwayo sifa, yalipakwa kwenye mbao za majahazi ili zisioze wala kupasuka. Jahazi lilipata mafuta hayo. Mtoto alipata jua.

Je, mwanamke aliyetawishwa alikosa jua hilo? Wepesi wa kujibu ndiyo unasahau umbo la kiwanda. Ngozi hutengeneza vitamini D kwa mionzi ya urujuanimno ya mawimbi mafupi, ambayo hewa ya ozoni huichuja kwa wingi jua likiwa chini, hivyo kazi hiyo hufanyika vizuri pale tu kivuli cha mtu kinapokuwa kifupi kuliko kimo chake. Hapo Faza muda huo huanza karibu saa tatu asubuhi na kuishia karibu saa tisa. Kuta ndefu za kiwanda zilizuia jua la pembeni, lakini zilipitisha lile la juu, ambalo ndilo lenye mionzi hiyo, hata mwanamke aliyekaa humo kitambo bila kujifunika, asionekane na jicho la mtaani, aliweza kupata sehemu yake.

Kipimo hicho cha kivuli kilijulikana Faza kwa njia nyingine. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani, alasiri huingia kivuli cha kitu kinapolingana na urefu wake, kikitolewa kile kivuli kidogo cha adhuhuri. Na kwa kuwa karibu na Ikweta kivuli cha adhuhuri ni kifupi, adhana ya alasiri hutangaza, bila kukusudia, kwamba mionzi mikali imeanza kulegea. Ushauri uliozoeleka wa kumwotesha mtoto jua la mapambazuko una raha yake, na mwanga wa asubuhi husaidia kupanga saa ya usingizi mwilini, lakini kwa mwenye kutafuta vitamini D jua hilo ni la mapema mno.

Wala haifuati kwamba mtu ajianike saa sita. Martine Luxwolda na wenzake wa Uholanzi walichapisha mwaka 2012 vipimo vya Wamasai na Wahadzabe 60 wa Tanzania, wakakuta wastani wa vitamini D katika damu wa nanomoli 115 kwa lita, kiwango cha kutosha kabisa, ilhali watu hao hukaa nje mchana kutwa lakini hukwepa jua kali kila wanapopata kivuli. Melanini, rangi inayoifanya ngozi kuwa nyeusi, huilinda dhidi ya kuungua, japo huifanya ihitaji muda mrefu zaidi kuliko ngozi nyeupe ili kutengeneza vitamini D. Jicho halina ngao ya namna hiyo: mng'ao wa bahari, mwaka baada ya mwaka, huchangia mtoto wa jicho na kinyama kinachotambaa juu ya mboni. Kwa mwenye ualbino, ambaye melanini yake ni haba mno, jua la Ikweta huleta saratani ya ngozi mapema, na kwake nguo ndefu, kofia pana na mafuta ya kuzuia jua ni lazima.

Hata katika nchi za Ghuba, zenye jua kali kuliko nyingi duniani, upungufu wa vitamini D umeonekana kwa wingi, hasa kwa wanawake, sababu mojawapo ikiwa kwamba maisha yamehamia nyuma ya vioo, na kioo cha dirisha hupitisha mwanga lakini huzuia mionzi inayohitajika. Kwa hiyo, katika visiwa vya Lamu, nyumba ya matofali na mabati isiyo na kiwanda humnyima mwanamke anayejisitiri ua ule ambamo bibi zake waliweza kuota jua wakiwa nyumbani kwao.